Acha Mashine Iseme

Walipokuja kumwambia asijisumbue tena kwenda kumkanda Shadia, Mwanaima alikuwa keshainjika sufuria la maji na kukunja vitambaa vyake. Aliyetumwa ni shangazi yake Shadia, mwanamke mwenye adabu zake. Alisimama mlangoni, ndani hataki kuingia, na maneno anayazungusha tu. Mara mzazi amepata homa, mara mama mkwe wake ameleta mtu kutoka Simbo. Mwanaima akamwacha mpaka akaishiwa.

"Umemaliza? Haya, sema lililokuleta."

Shangazi akatazama vidole vya miguu yake. "Dada, watu wanasema. Wanasema mikono yako imemharibu mkweo titi."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Watu tu hawana mdomo. Nani?"

"Kasongo mwenyewe," akasema yule mama, sauti ikimshuka. "Kasema dukani kwake Mwanga, wateja wamejaa. Eti mama amemkanda mke wangu kama anakanda unga wa chapati."

Loo! Angemtukana mtu baki, Mwanaima angemrudishia tusi moja yakaisha. Lakini Kasongo! Kitindamimba wake, aliyembeba mgongoni akipanda na kushuka mitaa ya Ujiji kukanda wazazi wa watu ili yeye apate viatu vya shule. Alimshukuru shangazi kwa ujumbe, maana mjumbe hauawi, akarudi jikoni, akalimwaga lile maji yote nje. Sufuria akalitupa kwenye pembe hata kuku wakatawanyika.

Ujiji ile, mwanamke akijifungua hamalizi siku bila kukandwa. Maji ya moto, vitambaa, mawese yaliyopashwa kidogo, na mikono ya mtu anayejua. Kazi hiyo Mwanaima aliirithi kwa mama yake, aliyevuka ziwa kutoka Kalemie akiwa bibi harusi, na hapakuwa na mtaa ambao hakuna tumbo alilolirudisha mahali pake. Waliokandwa naye walilia, ndiyo. Nani halii? Lakini walinyanyuka wamenyooka, na maziwa yakawatoka mpaka wakalowa.

Lyse, mke wa Kasongo, alikuwa Mrundi aliyezaliwa kambini na kukulia huku huku. Mama yake alikuwa amerudi Burundi, na mtoto alipozaliwa hakuwahi kuvuka mpaka kuja kumhudumia. Kwa hiyo Kasongo alimleta mkewe Ujiji na kichanga chao Ciza, wakae kwa Mwanaima mpaka arobaini itimie. Mwanaima alifurahi hata akachinja jogoo. Akamkanda mkwewe tumbo, akamkanda mgongo na nyonga, na alipofika kwenye matiti akakuta jambo. Titi la kushoto lilikuwa gumu. Halibonyei, limejikusanya mviringo, mtoto akilishika analiachia kwa hasira. Kila mkandaji anajua hayo ni maziwa yameganda, na yakiachwa yanageuka jipu. Basi Mwanaima akaongeza moto. Akalichua kwa mawese, akalipitishia kitana cha mti kilichopashwa, akalibana kwa viganja viwili, asubuhi na jioni.

"Mabukwe, buhoro," Lyse alikuwa akisema, kanga kaiuma kwa meno. Taratibu, mama mkwe. "Linauma sana."

"Kukandwa si kubembelezwa," Mwanaima akamjibu, kama alivyowajibu wote.

Siku moja ule ugumu ukamlegea ghafla viganjani. Alifurahi! Alitoka nje akawatangazia majirani kwamba amelivunja lile ganda, sasa subirini mtoto anenepe. Mtoto hakunenepa. Titi lilianza kwenda upande, likawa bapa huku na nundu kule, likashika wekundu, na kwapani pakatokea uvimbe kama punje ya karanga. Lyse akawa hawezi kuinua mkono hata kujifunga mtandio. Mwanaima hakulala kwa wasiwasi, akikumbuka kila kitambaa na kila tone la mafuta, asione alipokosea.

Na sasa mtoto wake wa kumzaa anamtangaza dukani.

Mchana huohuo Kasongo akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na Elikana, mwenye duka la dawa, mtu wa maneno matamu aliyewahi kuwa mhudumu wa zahanati na ambaye mpaka leo watu humwita daktari. Elikana kabeba mkoba mweusi. Wakamwamkia Mwanaima shikamoo, na Mwanaima akaitikia marahaba ya nusu mdomo.

"Mama," Kasongo akaanza, "tumeona tusimsumbue mgonjwa. Hili ni jipu tu. Elikana atalipasua hapahapa chumbani, usaha utoke, kesho kutwa atakuwa mzima."

"Kwa nini si hospitali?"

"Arobaini haijaisha. Mzazi hatoki nje, wewe mwenyewe ndiye unayesema."

"Tangu lini wewe umekuwa mlinzi wa arobaini?"

Kasongo akacheka kidogo, kicheko cha mwenye duka anayetaka bidhaa itoke. Elikana alikuwa ameanza kufungua mkoba. Kule ndani, kwenye pazia la chumba, Mwanaima aliona vidole vya Lyse vimeshika kitambaa. Vilikuwa vimekifinya.

Hapo ndipo damu ilipomchemka.

"Funga mkoba wako, Elikana, nisije nikakuvunjia adabu kwangu. Na wewe Kasongo, nisikilize vizuri. Umekaa dukani kwako umenipaka matope mbele ya Kigoma nzima. Leo Shadia amenikataa, kesho watanikataa wote. Sawa. Kama ni mikono yangu, ni mikono yangu. Lakini hakuna atakayemtia huyu mtoto kisu kabla titi lake halijapigwa picha. Wana ile mashine inayoona ndani ya mwili. Acha mashine iseme!"

"Mama, mashine haina haja..."

"Ina haja na mimi!"

"Itakuaibisha bure."

"Nishaaibika! Unadhani pamebaki aibu ya kuniongezea?"

Elikana, ambaye si mjinga, alikuwa tayari amefunga mkoba na kukumbuka mteja anayemsubiri. Kasongo akabaki anasugua shingo. Lyse akatoka nyuma ya pazia na mtoto mkononi, macho yamevimba.

"Twende, mabukwe," akasema.

Kasongo akamtazama mkewe kwa jicho ambalo Mwanaima aliliona lakini hakulielewa. Alidhani ni ubishi wa mume anayeona amri yake imekanyagwa. Akaita bajaji, akampandisha mkwewe taratibu, na Kasongo akawafuata kwa pikipiki yake.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi nje ya chumba cha picha. Mwanaima akakaa kati ya Lyse na mwanamke mmoja Muha aliyetoka Kagunga na mguu wake umevimba. Huyo mama wa Kagunga alikuwa mchangamfu, akataka kumjua mtoto ni wa ngapi na ananyonya vipi. Mwanaima akamjibu kwa mkato. Moyoni alikuwa anapanga maneno. Mashine ikishasema kwamba ni jipu la Mungu tu, au hata ni uvimbe mbaya, Mungu aepushe, angekwenda moja kwa moja mpaka Mwanga, asimame katikati ya lile duka na majibu mkononi, na Kasongo angeyameza maneno yake mbele ya wateja walewale. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuona haya kutamani hivyo.

Jina la Lyse likaitwa. "Aingie na mtu mmoja tu," akasema muuguzi.

Kasongo alisimama haraka kuliko wote. "Mimi ni mumewe."

"Nataka mabukwe," akasema Lyse.

"Lyse."

"Nataka mabukwe."

Mwanaima akampita mwanawe na mtoto begani, asimpe hata jicho.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Spesiosa. Alimwamkia Mwanaima, akamchezea Ciza shavu, akamlaza Lyse kitandani na kumpaka jeli iliyomfanya aruke kwa ubaridi. Utrasaundi ilikuwa pembeni ya kitanda, kioo chake cha kijivu kinawakawaka. Mwanaima akasogeza kiti mpaka karibu kabisa. Alikikazia macho kile kioo kama mtu anayesubiri hukumu ya kesi yake.

"Tuanze na lisilouma," daktari akasema, akipitisha kile kidude juu ya titi la kulia. "Hapa maziwa, mazuri tu. Hapa..." Akakirudisha kidude nyuma, akakiinamisha. Kwenye kioo, chini ya nyama, palikuwa na weusi mtulivu kama dimbwi, na ukingo wake umenyooka. Daktari akahamia kushoto, akakaa huko muda mrefu, akarudi tena kulia.

"Mama Ciza," akasema, "umewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti?"

Lyse akatazama dari.

"Upasuaji wa nini?" Mwanaima akadakia. "Huyu mtoto mdogo. Ana titi lililoganda maziwa, basi."

Daktari hakubishana. Akaliinua lile titi kidogo kwa vidole, akaonyesha mkunjo wa chini. Palikuwa na mstari mwembamba, mweupe. Mwanaima alikuwa ameupitishia mafuta mstari ule mara nyingi, akidhani ni alama ya sidiria inayobana.

"Hili ni kovu la nini?"

"Uturuki," Lyse akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwaka wa pili wa ndoa. Kasongo alikwenda kuchukua mzigo wa nguo, akanichukua na mimi. Niliwekewa vifuko."

"Vifuko vya nini?" Mwanaima akauliza. Akamgeukia daktari. "Nauliza, vifuko vya nini?"

"Vya kukuza matiti, mama," akasema daktari. "Ni mfuko laini, ndani umejaa silikoni, kitu kizito kama mafuta yaliyoganda. Unawekwa chini ya titi. Tazama hapa kulia: ukingo mmoja, umenyooka, hauna mkunjo. Kifuko hiki ni kizima. Sasa tazama kushoto."

Mwanaima akatazama. Mahali pa lile dimbwi tulivu palikuwa na mistari, mmoja juu ya mwingine, kama vipago vya ngazi.

"Hilo ni ganda la kifuko. Limepasuka likajikunja, sasa linaelea ndani ya silikoni yenyewe. Na huku kuelekea kwapani..." Kidude kikapanda. Picha ikageuka ukungu mweupe, kama moshi wa kuni mbichi, na nyuma yake hakuonekani kitu. "Hii ni silikoni iliyotoka nje ya mahali pake. Uvimbe wa kwapani ndio huu. Si jipu. Hakuna usaha wa kutoa hapa. Mtu angelitia kisu angeliharibu kabisa."

Mwanaima akamkumbuka Elikana na mkoba wake mweusi. Lakini kulikuwa na swali moja lililomleta pale, na hakuwa mwanamke wa kulikimbia.

"Ni mikono yangu?"

Daktari akafuta kidude kwa karatasi. Ilionekana wazi kwamba angependa kuulizwa kitu kingine. "Mama, mwili hujenga ukuta kuzunguka kitu kigeni. Kwa wengine ukuta huo hukaza, titi likawa gumu. Ugumu ulioushika ulikuwa huo, si maziwa. Vifuko navyo huchakaa, hata bila kuguswa na mtu. Lakini kukikanda kwa nguvu, tena kwa joto, siku baada ya siku, kunaweza kukipasua. Siwezi kukudanganya nikasema haiwezekani."

Basi mashine ilikuwa imesema. Ilisema kile alichokuwa na hakika kwamba haitasema. Mwanaima alivitazama viganja vyake, akakumbuka ule ulegevu wa ghafla na jinsi alivyotoka nje kujisifu. Moto ukampanda kutoka tumboni, na kwa kuwa Lyse ndiye aliyekuwa karibu, ukamwangukia Lyse.

"Ulinyamaza! Nakukanda kutwa mara mbili, natia nguvu zangu zote, na wewe umelala hapo unajua una mfuko ndani, unanyamaza! Mficha uchi hazai, hukuambiwa? Umenifanya mimi muuaji!"

Lyse akaketi kitandani, jeli inamtiririka kifuani. Miaka yote hiyo Mwanaima hakuwahi kumsikia mkwewe akipaza sauti.

"Sikunyamaza! Nilikwambia linauma! Kila siku nilikwambia! Ukaniambia kukandwa si kubembelezwa! Nililia, ukasema wazazi wote wanalia! Ungenisikiliza mara moja tu, mabukwe, mara moja!"

Ciza akaanza kulia. Daktari akamchukua, akasogea naye dirishani.

"Linauma ni neno la kila mzazi," Mwanaima akasema, lakini sauti haikuwa ileile. "Kwa nini hukuniambia kuna kifuko?"

"Nilimwambia mwanao! Siku ileile tulipofika Ujiji nilimwambia, mwambie mama asiguse matiti, tafuta neno lolote, mwambie daktari kakataza. Akasema vumilia. Akasema mama akijua, Ujiji yote itajua, nitachekwa kwamba mke wangu matiti yake ni ya dukani. Akasema nikifungua mdomo nitarudi kwetu Burundi na mtoto nitamwacha." Alifuta pua kwa mkono wake mzima. "Lilipopasuka nilijua. Nikamwambia, Kasongo, limepasuka. Akanijibu ngoja nione. Halafu ndiyo akaja na yule wa kisu."

"Alijua?"

"Ego, ndiyo. Alijua kabla hujapasha maji."

Mwanaima akakaa kimya. Watu wa Ujiji waliomjua wangekwambia kwamba Mwanaima akipiga kelele usiogope, ogopa akinyamaza. Alimfuta Lyse jeli kwa upande wa kanga yake, taratibu, kama alivyoombwa afanye tangu mwanzo. Akamfunga nguo. Akauliza mambo ya maana, na daktari akamjibu: mtoto aendelee kunyonya, hakuna sababu ya kumwachisha, ila upande unaouma upumzike. Mtu asilikande tena wala kulikamua. Mgonjwa aende Mwanza, kuna MRI, mashine kubwa ya sumaku itakayoonyesha silikoni imefika wapi, na kuna wapasuaji wa kuviondoa vyote viwili.

"Vyote viwili, hata kile kizima?" Mwanaima akauliza.

"Hiyo ni hiari yake mwenyewe."

"Vitoke," akasema Lyse. "Vyote."

Walipofungua mlango, Kasongo alikuwa amesimama palepale nje, simu mkononi. Akawatazama nyuso, akajua. Mwanaima akampa nafasi, Mungu ni shahidi. Alingoja mwanawe amuulize mkewe kama anaumwa. Alingoja aseme mama, nisamehe. Hata pole ingetosha.

Kasongo akamsogelea daktari, akapunguza sauti, ile sauti ya dukani. "Sasa daktari, huko Mwanza wakivitoa... wanaweza kuweka vingine siku hiyohiyo? Vizuri zaidi kuliko hivi? Maana safari ni moja."

Benchi zima lilisikia. Mama wa Kagunga akaacha kusugua mguu wake.

"Sitaki vingine," Lyse akasema.

"Tutazungumza nyumbani."

"Nimesema sitaki, Kasongo."

"Na mimi nimesema tutazungumza nyumbani!"

Mwanaima akamkabidhi Lyse mtoto. Akaweka kipochi chake benchini. Kisha, mbele ya wagonjwa na wauguzi na wapita njia, akaingiza mkono wa kulia ndani ya shingo ya gauni lake, akalishika titi lake.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmanyema, Muha, Mrundi, wote wanajua mama akishika titi mbele ya mtoto wake anataka kumtolea laana, na wanajua neno likishatoka halirudi. Mzee mmoja akainuka akaondoka kabisa, asije akalisikia. "Mana yanje, Mungu wangu! Mama, usifanye hivyo!" akapiga kelele yule wa Kagunga. "Mama weee, ni mtoto wako!"

Simu ilimwanguka Kasongo. Magoti nayo yakafuata. "Mama, usilitoe. Mama, nakuomba, usilitoe."

"Kwa nini nisilitoe? Unaliona haya? Hili ndilo ulilonyonya, mshenzi wewe! Limelala, limekauka, na baba yako alikufa hajawahi kulitafutia kifuko! Ulinyonya hapa mpaka ukaota meno ukaning'ata, nikakuachia uning'ate! Leo unamchukua mtoto wa watu, unampeleka ng'ambo apasuliwe, ajazwe mafuta, ili wewe upite naye Mwanga watu wageuke? Haya, ukampeleka. Ukaja ukamweka mikononi mwangu. Ukanitazama napasha maji! Ukanitazama natwanga mwili wa mkeo kila siku, ukijua, ukanyamaza! Kilipopasuka ukaenda kunitangaza mimi!"

"Mama, niliona haya..."

"Haya? Dukani hukuona haya! Haya sema sasa. Sema hapa, kwa sauti ileile ya dukani. Nani amemharibu huyu?"

Kasongo akatazama sakafu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli, Mwanaima aliyajua machozi yake tangu utotoni.

"Mimi," akasema.

"Hawakusikia."

"Mimi! Ni mimi! Nilijua, sikusema."

"Na mimi," akasema Mwanaima, akiwageukia watu wa benchini kana kwamba walimuuliza. "Mimi nimo. Mikono ni yangu, na masikio niliyoyaziba ni yangu. Alinilalamikia sikumsikia. Hilo nitalibeba mwenyewe."

Kasongo akamshika mguu. "Nimekosa, mama. Nipe radhi yako. Usiniache hivi, nipe radhi."

Mwanaima akautoa mkono wake ndani ya gauni, mtupu. Watu wakashusha pumzi, mama wa Kagunga akafanya ishara ya msalaba. Kama angeishia hapo, yangekuwa yamekwisha kama yanavyokwisha siku zote: mtoto kalia, mama kalegea, wote wakarudi nyumbani kula ugali. Na angetaka. Mama ni mama. Lakini Lyse alikuwa amesimama pale, titi moja limepasuka, akiwatazama mtu na mama yake wakisameheana juu ya mwili wake.

"Radhi yangu sinayo," Mwanaima akasema. "Nimempa huyu. Naapa kwa aliyeniumba. Akikuridhia yeye, na mimi nimekuridhia. Asipokuridhia, mlangoni kwangu usije, na siku nikifa jeneza langu usilibebe."

Kasongo akageuka kwa magoti, akamwelekea mkewe. "Lyse. Mama Ciza. Nimekosa."

Wote wakamgeukia Lyse. Ciza alikuwa amelipata titi la kulia, anavuta kwa pupa, mkono wake mdogo umeshika kanga. Mwanaima alingoja yale maneno ambayo wanawake husema, ambayo yeye mwenyewe aliyasema maisha yake yote: basi, yamekwisha, simama, watu wanatutazama. Pamoja na hasira yake yote, moyo wa mama ulikuwa unamwomba yule msichana kimyakimya ayaseme.

Lyse hakumtazama mumewe. Alimtazama Mwanaima, kwa muda, kama anayeuliza iwapo kiapo kile kilikuwa cha kweli au cha hasira. Mwanaima akauma meno, akaitikia kwa kichwa.

"Oya," akasema Lyse.

Ni Kirundi, lakini Kigoma hakuna asiyelijua. Hapana. Mwanaima alihisi neno lile limemwingia yeye kabla halijamfika mwanawe, akalimeza, maana alikuwa ameapa. Akaokota kipochi, akanyoosha mkono amshike mkwewe wakatafute bajaji. Lyse akauepuka mkono ule, akatangulia peke yake na mtoto.

Mwanaima akamzunguka Kasongo pale sakafuni, akamfuata.